Sibashiri kwa Machozi

Jamani, naomba nijibu. Tangu Jumamosi ya Januari 31 nimeitwa msaliti mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina langu, na yote kwa sababu ya karatasi moja iliyobandikwa ukutani.

Kwa ambao hawakuwepo: siku hiyo tulitoka umuganda, tukanawa miguu, tukakusanyika kwenye chumba chetu kuweka utabiri wa Oscar. Wateule walikuwa wametangazwa siku tisa kabla. Kila mtu anaandika nani atashinda, anaweka dau la Fanta moja kwa kila kipengele, na atakayepatia anazoa zote. Tunafanya hivi tangu 2022. Safari hii tulikuwa na mgeni, dada mmoja wa shirika ambaye tunampenda na anajua tunampenda. Akasimama mbele ya karatasi, akauliza kwa nia njema kabisa: "Na nyinyi kama wakimbizi, mnaunga mkono filamu ipi?"

Kama wakimbizi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya swali lile tulikuwa kwenye mabishano yetu ya kawaida, yule jamaa wa Sinners anapiga meza kwamba kuteuliwa mara 16 ni rekodi na hakuna wa kuigusa, mwingine anamwambia rekodi hailiwi. Baada ya swali lile chumba kikawa kimya kama kanisa. Kwenye Filamu Bora ya Kimataifa watu tisa kati ya kumi na wanne wakaandika The Voice of Hind Rajab, iliyopelekwa na Tunisia. Wanne wakaandika It Was Just an Accident ya Jafar Panahi. Mimi nikaandika Norwei: Sentimental Value, hadithi ya familia ya wasanii mjini Oslo, nyumba nzuri, baba na mabinti wasioelewana.

Yaya mmoja akanigeukia. "Weye uko na roho kweli? Mutoto anaomba musaada ku telefone, weye unachagua nyumba ya bazungu?"

Roho ninayo. Ile filamu ya Kaouther Ben Hania imetumia sauti halisi ya mtoto aliyekuwa amekwama ndani ya gari kule Gaza, Januari 2024, na mimi niliisimamisha mara mbili nikatoka nje kupata hewa. Ila dau ni dau. Ukiniuliza ipi imeniumiza, nitakujibu. Ukiniuliza ipi itashinda, hilo ni swali lingine, na nakataa kulijibu kwa kutumia karatasi zangu za UNHCR.

Niwaeleze ninavyobashiri, maana wengine mnadhani nafumba macho na kunyoosha kidole. Naangalia jambo moja kwanza: kati ya zile tano za kimataifa, ipi imeingia pia kwenye Filamu Bora, kule wanakogombana wakubwa? Roma mwaka 2019, Parasite 2020, Drive My Car 2022, All Quiet on the Western Front 2023, The Zone of Interest 2024, I'm Still Here 2025. Zote zilikuwa kwenye orodha zote mbili, na zote zikachukua ile ya kimataifa. Mwaka 2021 hapakuwa na filamu ya namna hiyo, ikashinda Another Round ya Denmark. Mwaka huu ziko mbili, Sentimental Value na The Secret Agent ya Brazili. Brazili ilibeba mwaka jana. Basi nimekwenda Norwei. Naweza kukosea, na Fanta yangu itanywewa mbele ya macho yangu, lakini hesabu yangu iko mezani, kila mtu anaweza kuikagua.

Sasa tuangalie hesabu ya machozi, maana nayo tumeipiga kwa miaka.

Mwaka 2022 ilikuwa Flee. Filamu ya Denmark, dokumentari iliyochorwa kama katuni, kuhusu kijana wa Afghanistan aliyekimbia hadi Copenhagen akakaa miaka mingi na siri yake. Iliteuliwa mara tatu, kama dokumentari, kama katuni na kama filamu ya kimataifa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa filamu yoyote. Chumba kizima tukaiwekea dau kwenye vipengele vyote vitatu, mimi nikiwemo. Kusema kweli hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitazama. Tulikuwa tumeona kionjo cha dakika mbili kwenye simu. Ikarudi nyumbani mikono mitupu, mara tatu, na sisi tukasema hawa watu wanatuchukia. Drive My Car iliyoshinda tuliiona miezi kadhaa baadaye, filamu ya saa tatu, wenzangu wawili walilala, mimi nikabaki macho nikijua kabisa kwa nini tulipoteza. Tulikuwa tumejipigia kura wenyewe.

Mwaka 2024 ilikuwa Io Capitano ya Mwitaliano Matteo Garrone, kuhusu vijana wawili wa Dakar wanaovuka jangwa na Libya hadi baharini. Hiyo tuliitazama. Mtu aliileta kwenye flashi, msiniulize alikoitoa. Wakati huo tulikuwa na mwenzetu aliyekuja Rwanda kupitia Gashora, kile kituo cha Bugesera ambako tangu 2019 wanaletwa watu waliohamishwa kutoka Libya. Msomali, aliyeishi Eastleigh utotoni, Kiswahili chake cha Nairobi kabisa. Tulimwangalia yeye kuliko tulivyoangalia filamu, tukisubiri alie. Sehemu ya gereza ilipofika tulilia sisi. Yeye alikuwa anakula karanga.

Ilipoisha tukamzunguka kama waandishi wa habari. Ni kweli? Ndivyo ilivyokuwa? Akasema wale vijana wanaongea sana, kule alikokuwa yeye watu hawakuwa wanaongea. Basi. Halafu akainuka, akaenda ukutani, akaandika The Zone of Interest.

Tukamshangaa. Akasema, "Hii story naijua. Wazungu watalia, halafu watapea ile ingine." Alfajiri ya Machi 11 The Zone of Interest ikatangazwa, naye akabeba Fanta zetu zote kumi na moja kwenye mfuko wa saruji. Sasa yuko Kanada. Kila ninapobashiri namkumbuka, kwa sababu mtu pekee chumbani aliyepita njia ile alikuwa pia mtu pekee aliyekataa kuiwekea dau filamu eti kwa kuwa inamhusu.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi ya Fanta. Hizi filamu tunazoziita "zetu" huwa zinaingia kwa bendera ya nani? Utaratibu wa kipengele hiki ni nchi moja, filamu moja kwa mwaka, na nchi yenyewe ndiyo inayochagua kupitia kamati yake. Kwa miaka mingi tuzo yenyewe ilihesabiwa kuwa ya nchi, mwongozaji akiipokea kwa niaba tu. Flee ilikuwa ya Denmark. Io Capitano ya Italia. Kijana ni wetu, safari ni yetu, kesi ya hifadhi ni yetu, ila fomu ya Oscar imejazwa Copenhagen na Roma.

Wakongomani wenzangu, mnaikumbuka Augure? Ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, jina ambalo masikioni mwetu linasikika kama "walozi", na filamu yenyewe inahusu watu wanaodhaniwa kuwa na uchawi. Mle ndani kuna Kiswahili, kuna Lingala, kuna Kifaransa. Mwaka 2023 ilipata tuzo kule Cannes, kisha ikapelekwa Oscar na Ubelgiji. Simlaumu Baloji hata kidogo, amekulia kule na pesa zilitoka kule. Nawalaumu wanaotuambia tushangilie kana kwamba Kongo ndiyo iliyoipeleka.

Kiswahili chetu kimesafiri sana bila sisi. Watu Wote, filamu fupi iliyoteuliwa Oscar mwaka 2018, watu wanaongea Kiswahili na Kisomali ndani ya basi la kwenda Mandera. Ni kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, mwongozaji ni Mjerumani. Makala, iliyoshinda kwenye Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017, ni baba mmoja anayesukuma baiskeli yenye shehena ya makaa kuelekea Kolwezi. Mwongozaji ni Mfaransa. Hotel Rwanda, iliyoteuliwa mara tatu mwaka 2005: watu wa mji huu wana maneno yao kuhusu filamu ile, mimi ni mgeni, siingii humo, nasema tu kwamba sehemu kubwa yake ilipigwa Afrika Kusini. Filamu hizi si mbaya. Makala naiona nzuri kuliko nusu ya zilizoshinda Oscar maisha yangu yote. Lakini ukiziweka pamoja unaona kazi tuliyopangiwa: kutembea mbele ya kamera ya mtu.

Ile ninayoipenda kuliko zote haikufika Oscar. Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilipigwa hapa hapa Rwanda mwaka 2020, baada ya mpango wa kuifanyia Burundi kushindikana, na ndani yake wamo wasanii wa Burundi waliokuwa wakiishi hapa kama wakimbizi. Wachimba koltani, muziki, kompyuta zilizotupwa, mambo ya ajabu ajabu, wengine mlisema hamkuelewa kitu. Sawa. Ila humo hakuna mtu anayeomba huruma yako hata mara moja. Wanaimba, wanatukana, wanapanga mapinduzi ya mitandaoni.

Baadhi yenu mmeleta wazo, na nasikia hata kwenye mashirika linazungumzwa: Oscar nayo iwe na kipengele cha wakimbizi, kama Olimpiki ilivyo na timu ya wakimbizi. Mnanitajia Rio 2016, wanariadha kumi, watano Wasudani Kusini kutoka Kakuma, wawili Wakongomani wa judo. Mnanitajia Cindy Ngamba, aliyepata shaba ya ndondi Paris 2024, medali ya kwanza ya timu hiyo. Nililia siku ile, na sijifichi.

Lakini nasema hapana. Ngamba alipata shaba kwa sababu alimpiga mtu ngumi na waamuzi wakahesabu. Mkimbiaji asiye na bendera hakuwa na njia nyingine ya kufika kwenye mstari, na akishafika pale saa haiulizi ana hadhi gani. Filamu haina saa. Filamu inapigiwa kura na watu waliokaa kwenye viti vyao, na ukiwapa sanduku lililoandikwa "wakimbizi" watatia humo huruma yao yote, wafunge, waendelee na shughuli. Tutashinda kila mwaka, maana tutakuwa tunashindana wenyewe kwa wenyewe kuona nani kaumia zaidi. Mnataka hivyo? Mimi nimeshafanya mashindano hayo kwenye foleni ya usaili, sina hamu ya kuyafanya tena nimevaa suti.

Tena njia tayari ipo, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Aprili 2025 Akademia ilitoa sheria za tuzo za mwaka huu. Kwenye kipengele cha kimataifa wameandika kwamba nchi inayopeleka filamu lazima ithibitishe kuwa usukani wa kisanii ulikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa raia wake, wakazi wake, au watu wenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi katika nchi hiyo. Someni tena sehemu ya mwisho. Mkimbizi anayeongoza filamu Kigali anaweza kuhesabiwa kwenye filamu ya Rwanda. Aliyeko Kakuma, ya Kenya. Aliyeko Nakivale, ya Uganda. Hatuhitaji sanduku letu.

Na si ndoto. Mohammad Rasoulof alitoka Iran mwaka 2024 akiwa amehukumiwa kifungo cha miaka minane, akavuka milima kwa miguu. Mwaka huo huo Ujerumani ikamchagua yeye, The Seed of the Sacred Fig ikaenda kwa jina la Ujerumani, na ikateuliwa. Wajerumani walikuwa na filamu nyingine za kupeleka. Wakampa mtu aliyefika juzi.

Najua mtakachosema. Kamati. Kamati gani itamchagua mkimbizi? Kuna siasa, nazijua, sizitaji hapa. Ila tazameni jinsi nafasi zinavyolala katika kanda hii. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, halafu kimya hadi 2022 ilipopeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Miaka 21. Uganda ilipeleka kwa mara ya kwanza mwaka huo huo wa 2022, filamu inaitwa Tembele. Kila mwaka kila nchi ina kiti kimoja kwenye basi hili, na mara nyingi basi la kwetu linaondoka viti vikiwa wazi. Kamati isiyo na filamu ya kuchagua haiwezi kukukataa wala kukukubali.

Kuna sharti la siku saba pia: filamu ionyeshwe kwenye sinema ya kulipia siku saba mfululizo. Kenya mwaka 2018 Mahakama Kuu iliondoa marufuku ya Rafiki kwa siku saba kamili ili Wanuri Kahiu atimize sharti hilo, watu wakajaza sinema Nairobi, na mwisho kamati ikachagua Supa Modo. Nawaambia hili ili mjue mapambano yenyewe yanafanana na nini. Ni kukodi ukumbi na kutafuta wakili, na stori yako nzuri inaweza kupita yote hayo na bado ikaachwa.

Na mtu asiniambie wageni hawawezi kuanzisha sinema hapa. Eric Kabera, aliyeanzisha tamasha la filamu la Rwanda, lile la kupeleka skrini vilimani tunaloliita Hillywood, alizaliwa Zaire. Joel Karekezi alichukua Farasi wa Dhahabu kule Ouagadougou mwaka 2019 kwa The Mercy of the Jungle, wanajeshi wawili waliopotea kwenye msitu wa Kongo. Rwanda inajua kushinda, inahitaji filamu tu.

Sasa nyinyi ndugu zangu wa mashirika, mnaosoma hapa kimya kimya. Nitaeleza la kwetu. Tukiwa bado kambini, watu walikuja na kamera wiki moja kabla ya Juni 20, Siku ya Wakimbizi. Mama alikuwa ameshateka maji tangu alfajiri. Wakamwomba amwage, arudi bombani, ateke tena. Mara tatu, kwa sababu ya mwanga. Baadaye wakamketisha, akaongea dakika kumi nzima kuhusu biashara yake ya ndagala: bei, wakopaji wasiolipa, ugomvi wake na mama wa hema la pili. Alikuwa na raha sana siku ile, alivaa kitenge kipya. Video ilipotoka ilikuwa ya dakika nne. Maji yapo. Ndagala hawapo. Sauti yake wameizima, anaongea mwanamke mwingine kwa Kiingereza, anasema mama yangu amepoteza kila kitu.

Mama aliitazama kwenye simu yangu akauliza, "Huyu ni nani anayesema?"

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, naamini hivyo hadi leo. Walimpa sabuni na fomu ya ridhaa. Lakini ndiyo filamu zile zile tunazoziwekea dau kila Machi, ila zenu ni fupi na hazina zulia jekundu. Basi Juni ijayo msilete mpiga picha. Leteni kompyuta ya kuhariria, muiache hapa miezi sita, na anayeamua kipi kikatwe awe mmoja wetu. Kama filamu itakuwa mbaya, iandikeni mbaya kwenye ripoti yenu. Tuna haki ya kutengeneza filamu mbaya kama vijana wote wa dunia.

Kuhusu pasipoti, maana mtu ameshaniandikia: "Ukiteuliwa utaendaje Los Angeles na hati ya mkimbizi?" Swali la kweli. Mwaka 2017 The White Helmets ilishinda dokumentari fupi, na Khaled Khatib aliyepiga picha zake hakuweza kuhudhuria kwa sababu serikali ya Syria ilikuwa imefuta pasipoti yake. Sina jibu la hilo. Nikifika kwenye tatizo hilo nitalifurahia.

Turudi kwenye karatasi. Itakaa ukutani hadi Jumapili ya Machi 15. Sherehe inaanza saa saba usiku kwa saa za Kigali, kila mtu aje na blanketi lake, safari iliyopita nililala bila kitu mgongoni. Na napendekeza jambo moja. Akademia mwaka huu imeweka sharti kwamba mwanachama hapigi kura ya mwisho kwenye kipengele kama hajatazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Sisi nasi tulifuate. Zilizobaki tutazitazama Jumamosi mbili zijazo, kuanzia na Sirāt ya Uhispania, na anayetaka kubadilisha utabiri wake abadilishe mbele ya watu.

Hadi jana waliokuwa wametazama zote tano ni wawili tu, mimi na yule yaya aliyesema sina roho. Ameitazama Sentimental Value hadi mwisho, amesema ni nzuri, na bado yuko Tunisia. Anasema siku hiyo anakuja na Fanta mbili.